Pogolea Mibuni Kabla ya Mvua za Novemba

Wakulima wengi wa Mbozi huacha shamba la kahawa likishachumwa, wakarudi mvua ikinyesha. Hapo katikati, kati ya mchumo wa mwisho na mvua za Novemba, ndipo mavuno yajayo yanapopatikana au kupotea. Mvua za kwanza zikishaamsha maua, kila tawi unalokata linaondoka na maua yake.

Kahawa huzaa kwenye sehemu ya tawi iliyokua msimu uliopita. Pingili iliyokwisha kuzaa haitoi tena cha maana, hivyo matunda husogea kila mwaka kuelekea nchani, mpaka tawi linabaki fimbo ndefu yenye punje chache mwishoni. Mkulima huliangalia akahesabu kilo na kuogopa kulikata. Tawi hilo linakula mbolea yako bure, likate.

Anza na matawi makavu, yaliyovunjika, yanayogusa ardhi na yanayorudi ndani kuelekea shina. Tumia mkasi wenye makali, ukate karibu kabisa na shina bila kuacha kigingi wala kuchuna gome. Kisha fungua katikati ya mti: aliyesimama upande wa pili aonekane. Wadudu aina ya vimatira hupenda mbuni wenye kichaka, na ugonjwa wa chulebuni hustawi penye unyevu usiokauka. Hata dawa ukipuliza, kwenye kichaka haifiki ndani. Miche ya aina bora inayohimili chulebuni na kutu ya majani nayo inahitaji mkasi, maana ukinzani wa ugonjwa hauzuii mti kusongamana.

Mvua zikianza, maotea huchomoza kwenye shina kwa wingi. Yang'oe kwa mkono yangali laini, kila mara unapopita kupalilia. Kila shimo libaki na mashina mawili au matatu. Bakiza oteo moja lenye nguvu pale tu unapoandaa mrithi wa shina lililochoka.

Mbuni mzee uliorefuka hata kuchuma ni shida, hautengenezeki kwa mkasi. Huo ukate kisiki, sentimita 30 hadi 45 kutoka ardhini. Tumia msumeno, kwa sababu panga hupasua shina na kukaribisha uozo. Mkato uwe wa mshazari ili maji yateremke. Acha shina moja jembamba liendelee kulisha mizizi, uliondoe maotea mapya yakishashika, kisha chagua mawili au matatu yaliyoachana vizuri. Usikate shamba zima kwa mkupuo! Kisiki hukaa takriban misimu miwili kabla ya kukupa mavuno ya kuridhisha, na ada ya shule haisubiri. Kata theluthi moja kila mwaka, na kwenye nafasi iliyofunguka panda maharage.

Matawi yenye ugonjwa yatoe shambani uyachome. Yaliyo mazima yakatekate, uyatandaze chini yahifadhi unyevu.

Kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, kipo Mbimba hapo hapo Mbozi. Asiyewahi kukata kisiki aende akaombe kuonyeshwa kwa vitendo. Na wanachama wa vyama vya ushirika, AMCOS, ambao hawana uwezo wa kununua vifaa kila mmoja, changeni mnunue mkasi na msumeno wa pamoja, mpangiane zamu, mmalize kabla Novemba haijafika.