Magazeti ya Historia: Tuchague Lipi?



Tulipewa fedha kidogo na wazee wa kanisa ili tununue magazeti ya historia na utamaduni kwa ajili ya chumba chetu cha kusomea, wapate kuyasoma vijana na mtu ye yote apendaye kujua mambo. Tukaenda mjini, tukanunua kwa macho. Tuliona majalada mazuri, karatasi za kung'aa, picha za piramidi za Misri na majumba ya wafalme wa Ulaya, tukalipa. Siku ya tatu akaja kijana mmoja wa kwaya akasema, "Shikamooni wazee. Mimi nimezaliwa hapa Manzese, lakini babu yangu alitoka Masasi. Nimefunua magazeti yote. Babu yangu yumo katika lipi?"

Hatukuwa na jibu, na fedha ilikuwa imekwisha. Kosa lilikuwa letu, wala si la mwuzaji. Somo la mwezi huu latokana na kosa hilo, maana wengi wenu pia mnawanunulia watoto magazeti, na fedha ya nyumbani ni chache kuliko ya kanisa.

Hatusemi kwamba gazeti la ng'ambo ni baya. Mtoto wa Kimara ana haki ya kujua habari za piramidi. Lakini tumezoea kudhani kwamba magazeti ya namna hii ni kitu cha wageni tu, nasi ni wasomaji wao. Hebu tuangalie miaka. Gazeti la National Geographic, ambalo wengi wenu mmewahi kuliona, lilianza Marekani mwaka 1888. Mwaka huo huo wa 1888, huko Kiungani, Unguja, shule ya Misheni yetu ya UMCA ilianza kutoa gazeti la Kiswahili liitwalo Msimulizi. Lilikuwa dogo, halikuwa na karatasi ya kung'aa. Lakini ndani yake walimu na wanafunzi Waafrika waliandika habari za mahali walipokuwa: Kiungani kwenyewe, Magila, Masasi, Newala. Wengi wa vijana wa Kiungani wa siku zile walikuwa wametolewa utumwani. Watu ambao juzi tu walikuwa wakiuzwa, leo wanashika kalamu na kueleza nchi ilivyo. Kama yule kijana wetu wa kwaya anataka kujua Masasi ilikuwaje wakati wa baba wa babu yake, gazeti lile dogo litamfaa kuliko majalada yote tuliyonunua.

Msimulizi lilikoma katika miaka ya 1890, likafuatwa na Habari za Mwezi lililotolewa Magila. Na mitambo hiyo hiyo ya Magila ndiyo iliyochapa Habari za Wakilindi, historia ya watawala wa Usambara iliyoandikwa na Abdallah bin Hemedi. Mwandishi alikuwa Mwislamu, mitambo ilikuwa ya Kanisa, na wanahistoria wanakitumia kitabu hicho hadi leo. Baadaye serikali ya Waingereza ilianzisha Mambo Leo hapa Dar es Salaam mwaka 1923. Wazee wetu watalikumbuka. Lilikuwa gazeti la serikali na lilisema yale serikali iliyotaka yasemwe; hata hivyo wasomaji walipeleka barua, mashairi na habari za makabila yao, na Shaaban Robert ni mmoja wa washairi walioandika humo.

Basi tukisimama mbele ya meza ya mwuza magazeti, tufanyeje? Sisi sasa tuna desturi moja. Tunafungua gazeti mahali panapozungumzia jambo tunalolijua. Msomaji wa Ubungo hana njia ya kupima habari za wafalme wa Uchina, lakini habari za Dar es Salaam anaweza kuzipima. Katika mojawapo ya magazeti tuliyonunua tulikuta maneno kwamba mji huu ulianzishwa na Wajerumani. Si kweli. Aliyeanza kuujenga ni Sultani Majid bin Said wa Unguja katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima. Alipofariki mwaka 1870 kazi ikasimama. Wajerumani walikuja baadaye, nao wakahamishia makao makuu yao hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Gazeti likikosea jambo ambalo mtoto wa shule ya msingi wa Sinza angeweza kulisahihisha, tuliamini vipi likitueleza habari za Wainka?

Tena tunatafuta kama mwandishi anasema amezipata wapi habari zake. Mtakatifu Luka, anapoanza Injili yake, hamwachi Theofilo gizani. Anamweleza kwamba habari zimetoka kwa walioona, na kwamba yeye amezichunguza. Mwandishi wa historia asiyefanya hivyo anatutaka tumwamini bure. Hatudai orodha ndefu ya vitabu. Yatosha aseme: nilimwuliza mzee wa mahali fulani, nilisoma barua fulani, nilichimba mahali fulani. Mwaka 1968 wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu hapa Mlimani walikwenda kusini kukusanya kwa wazee habari za Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Miaka zaidi ya sitini ilikuwa imepita, na wazee walioiona vita hiyo kwa macho yao walikuwa wakipungua kila mwaka. Gazeti linaloandika habari za Maji Maji bila kugusa ushuhuda wa namna hiyo, likitegemea taarifa za maofisa wa Kijerumani peke yake, litakuwa limesikiliza upande mmoja wa kesi.

Jambo la mwaka linataka uangalifu mkubwa. Twasema historia haichachi kama maziwa, na ni kweli kwamba toleo la zamani laweza kuwa bora kuliko la jana. Lakini ujuzi wa watu juu ya historia hubadilika. Chukueni Kilwa. Mapokeo ya Kilwa yenyewe husimulia habari za watawala waliotoka Shirazi, Uajemi. Waandishi wengi wa zamani za ukoloni walilishika neno hilo wakaandika kana kwamba miji ya pwani ilijengwa na wageni, na wenyeji walikuwa watazamaji. Baada ya uhuru wataalamu wengi walipinga, wakaonyesha jinsi miji ile ilivyokua kutoka kwa wenyeji wenyewe. Na baadhi yao wakaiona ile habari ya Shirazi kuwa ni majivuno ya ukoo tu. Kisha mwaka 2023 jarida la kisayansi la Nature lilitoa uchunguzi wa chembe za urithi za watu 80 waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800 hivi, wengi wao katika miji ya pwani, Kilwa ikiwa mojawapo. Ilionekana kwamba kuanzia kama mwaka 1000 watu wa Afrika na wa Asia walichanganyika: upande wa akina mama ulikuwa karibu wote wa Kiafrika, na upande wa akina baba ulikuwa na Waajemi wengi. Wazee wa Kilwa hawakusema uongo, na wale waliowatetea wenyeji nao hawakukosea. Msomaji aliyeshika gazeti la 1950 peke yake, au la 1975 peke yake, angekosa nusu ya habari. Kwa hiyo, kabla ya kusoma neno lo lote, funua ukurasa wa mbele utazame mwaka.

Kwa sababu hiyo hatuwezi kuyakataa magazeti ya kikoloni, wala kuyameza mazima. Tanganyika Notes and Records lilianza mwaka 1936, kwa Kiingereza. Baadaye likaitwa Tanzania Notes and Records. Waandishi wake wengi wa mwanzo walikuwa maofisa wa serikali ya Waingereza. Humo mtakuta habari za makaburi, njia za misafara, mila na majina ya watu ambazo hazipatikani penginepo. Mtakuta pia maneno yanayochoma moyo, kwa jinsi mwandishi alivyowatazama wazee wetu. Someni, lakini mkumbuke aliyekuwa ameshika kalamu alikuwa akikusanya kodi.

Katika yaliyotolewa karibu nasi, Kenya Past and Present lilianza 1971 kwa kazi ya chama cha makumbusho ya Kenya, na Old Africa lilianza 2005, nalo linapenda masimulizi ya watu na picha za zamani. Yote mawili ni ya Kiingereza. Kwa Kiswahili kuna Mulika, lililoanzishwa na wataalamu wa Kiswahili wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1970; hilo ni la lugha na fasihi zaidi, lakini utamaduni umo tele. Na Chuo Kikuu chenyewe kiko katika wilaya yetu ya Ubungo! Tunapita getini kwa daladala kila siku.

Kuhusu Kiingereza, msiogope. Mwezi uliopita tulijaribu hivi: mwalimu mmoja alisoma makala kwa Kiingereza na kuyaeleza kwa Kiswahili, na akina mama wa Kimakonde waliokuwapo wakamsahihisha mara mbili juu ya habari za vinyago. Jioni ile tulijifunza zaidi ya yale yaliyoandikwa. Masahihisho hayo tumeyaandika pembeni mwa ukurasa kwa penseli, na tutaendelea hivyo.

Zamani kituo cha mabasi kilipokuwa hapa Ubungo, kabla ya kuhamia Mbezi Luis mwaka 2021, wauzaji walipitisha magazeti dirishani mwa basi, nasi tulinunua la kusomea njiani na kuliacha kitini. Hilo la historia msiliache kitini. Kwa fedha za awamu ya pili tumeamua kununua nakala za zamani kwa wauza vitabu vya mtumba, nasi tutakwenda watatu, mmoja wetu akiwa yule kijana wa kwaya.

Aliye na nakala za Mambo Leo au gazeti lo lote la zamani chini ya kitanda au darini, tafadhali asizitoe kufungia karanga. Azilete chumba cha kusomea siku ya Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya, hata kama zimeliwa na mchwa. Tutazinakili na kumrudishia mwenyewe.