Usihesabu Antena: Kuchagua Ruta ya Nyumbani

Ingia duka lolote la vifaa vya kompyuta Kariakoo uulizie ruta, na muuzaji atakushushia kwanza ile yenye antena nyingi. "Bosi, hii ina antena sita, inapiga mpaka kwa jirani." Jirani ndiye hasa usiyetaka afikiwe, lakini sifa hiyo inauza, na wengi wetu tumenunua ruta kama mtu asiyejua mifugo anavyonunua ng'ombe, kwa kutazama pembe.

Antena zina kazi yake, ila hazivunji sheria ya maongezi. Ruta na simu huzungumza kwa zamu. Hata ruta ikisikika mpaka barabara ya pili, simu yako nayo lazima ijibu kwa redio yake ndogo inayobana betri, na ikishindwa kusikika, mazungumzo yamekwisha. Isitoshe, nguvu ya kurusha mawimbi imewekewa kikomo na mamlaka za mawasiliano, kwa hiyo ruta halali haiwezi kuizidi nyenzake kwa mbali eti kwa sababu ina vijiti vingi zaidi.

Namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi nayo ina ujanja wake. Boksi la AC1200 halikuahidi kasi ya megabiti 1,200 kwa sekunde. Mtengenezaji amechukua 300 za bendi moja, akajumlisha 867 za bendi ya pili, kisha akazungusha hesabu kwenda juu. Hakuna simu itakayopata jumla hiyo, na hata hizo nusu mbili ni kasi za maabara.

Kabla hujatoa pesa, hakikisha mkosaji ni ruta kweli. Chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya, waombe wengine nyumbani waache kutumia kwa dakika tano, upime kasi. Kama huna kompyuta, simama na simu hatua moja kutoka kwenye ruta. Rudia kipimo saa tatu usiku, wakati mtaa mzima uko mtandaoni. Kasi ikiwa karibu na ile unayoilipia, lakini chumbani kwa watoto ikawa ya konokono, tatizo ni waifai, na ruta mpya au mahali papya patasaidia. Ikiwa hata kwa waya kasi ni duni, tatizo liko kwenye laini au kifurushi, na ruta ya laki tatu itakuletea uduni ule ule kwa gharama zaidi. Mara nyingine tatizo liko mbali kabisa. Tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na Uganda. Siku ile ungezima na kuwasha ruta mpaka jioni bila kupata kitu.

Wakati unapima, usichanganye biti na baiti. Kifurushi cha Mbps 10 ni megabiti kumi kwa sekunde, na baiti moja ni biti nane. Faili la GB 1 litachukua dakika kumi na tatu na ushee, na hapo hakuna aliyekuibia. Kwa upande mwingine, mahitaji ya nyumba ya kawaida ni madogo kuliko matangazo yanavyodai. Netflix hupendekeza Mbps 5 kwa picha ya 1080p. Familia yenye kifurushi cha Mbps 20 haihitaji ruta ya kuendeshea hoteli.

Nyumba yenyewe

Hapa ndipo ruta nyingi nzuri zinapoharibikiwa sifa. Ruta nyingi za leo hutumia bendi mbili, GHz 2.4 na GHz 5. Ile ya 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi na kufika mbali, ila imejaa kama soko la Jumamosi: majirani wote wako humo, spika za bluetooth zimo, hata oveni ya mikrowevu inavuruga humo humo. Chaneli zake zisizoingiliana ni tatu tu, ya 1, ya 6 na ya 11. Ukikaa kwenye ghorofa za kupanga zilizobanana, fungua orodha ya waifai kwenye simu uhesabu majina, kisha jiulize hao wote wanagawanaje chaneli tatu. Bendi ya 5 ina nafasi na kasi, lakini ukuta wa pili unaichosha. Kwa hiyo ruta ya bendi zote mbili ndiyo pa kuanzia. Za bendi moja bado zinauzwa kwa bei ya kuvutia, na zinamfaa mwenye chumba kimoja, mahali pasipo na majirani wengi.

Kuta zetu pia si za aina moja. Nyumba za kale za Mji Mkongwe wa Unguja, Lamu na Mombasa zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na unene wa ukuta unaweza kufika nusu mita. Ndani ya nyumba kama hiyo ruta ya bei mbaya kabisa haitavuka vyumba vitatu. Zege lenye nondo kati ya ghorofa na ghorofa ni kizuizi kingine. Mabati, friji, kioo kikubwa cha kujitazamia na simtanki lililojaa maji, vyote hivyo humeza mawimbi au kuyarudisha.

Kwa hiyo mahali pa kuiweka ni nusu ya ununuzi. Fundi anayekuja kufunga faiba hupenda kuiacha ruta pale waya unapoingilia, yaani dirishani sebuleni, na nusu ya mawimbi yako inakwenda kuwahudumia wapita njia. Kabla hajatoboa ukuta, mwombe avute waya mpaka katikati ya nyumba. Ruta ikae juu, usawa wa kifua au zaidi, isiwe nyuma ya televisheni wala ndani ya kabati. Na kile kitambaa cha kufuma kinachofunika kila kifaa sebuleni, kiisamehe ruta. Matundu ya ruta ni ya kupumulia, na joto la pwani linatosha bila shuka.

Nyumba ikiwa kubwa au ya ghorofa, suluhisho ninaloliamini ni la kizamani: waya. Waya wa mtandao wa Cat5e hubeba gigabiti moja kwa sekunde hadi mita 100, hauchoki wala haugombani na majirani. Uvute mpaka chumba cha mbali, mwishoni uweke ruta ya pili iliyopangwa irushe waifai tu. Zile ripita za kuchomeka ukutani ni za bei nafuu na zinafaa kwa dharura, lakini nyingi hupokea na kutuma kwa redio moja, hivyo kasi hupungua karibu nusu. Seti za ruta zinazoshirikiana, zinazoandikwa Mesh kwenye boksi, ni bora kuliko ripita, na nazo huwa bora zaidi zikiunganishwa kwa waya.

Faiba au laini?

Mwenye faiba ana kijisanduku cha kampuni kinachogeuza mwanga kuwa mawasiliano ya umeme. Hicho usikiondoe. Mara nyingi ndani yake kuna ruta pia, dhaifu kiasi. Unachonunua wewe ni ruta ya kuwekwa nyuma yake, yenye tundu lililoandikwa WAN. Ipigie kampuni simu kabla ya kwenda dukani, uulize mambo mawili: je, naruhusiwa kuweka ruta yangu, na je, nitahitaji jina la mtumiaji na nywila ili iungane? Nimeona mtu akirudisha ruta nzima dukani kwa kukosa nywila hiyo tu.

Anayetumia laini ya simu anahitaji ruta ya aina nyingine, na hapa makosa ya ununuzi ni mengi. Ruta za mitumba kutoka Ulaya huwa nzuri na rahisi, lakini baadhi zimefungwa kwa mtandao wa huko, na nyingine hazina bendi za 4G zinazotumiwa na mtandao wako hapa. Mwambie muuzaji aweke laini yako humo dukani na akupimie kasi mbele ya macho yako. Tazama pia daraja la 4G la ruta yenyewe: Cat 4 mwisho wake ni Mbps 150 za kupokea, Cat 6 huunganisha bendi mbili na kufika 300. Ile iliyo na matundu ya kuchomekea antena ya nje inafaa sana kwa anayekaa mbali na mnara. Mahali pake pia ni kinyume na nilivyosema juu: ruta ya laini hukaa dirishani, upande wa mnara, na ukitaka waifai iende ndani, ivutie waya.

Soma pia maandishi madogo kuhusu matundu ya waya. Yakiwa 10/100, kila tundu mwisho wake ni Mbps 100, hata kama waifai inajitapa kwa maelfu. Tafuta 10/100/1000. Kuhusu vizazi vya waifai, Wi-Fi 5 bado inatosheleza nyumba ya watu wachache, lakini kama bei inaruhusu chukua Wi-Fi 6. Uzuri wake mkubwa ni namna inavyogawa zamu. Ruta ya zamani ni teksi: inapeleka abiria mmoja, inarudi kumchukua mwingine. Wi-Fi 6 inaweza kuwa daladala, safari moja ikabeba mizigo ya simu kadhaa. Wi-Fi 7, iliyoanza kupewa cheti mwaka 2024, iache mpaka simu zako ziielewe.

Umeme

Ningeulizwa ni kitu gani kinachoua utulivu wa intaneti majumbani kwetu, nisingetaja ruta kwanza. Ningetaja adapta. Ruta inayojizima na kujiwasha, hasa jioni watumiaji wakiwa wengi, mara nyingi ina adapta iliyochoka ambayo haitoi tena umeme wa kutosha. Azima nyingine yenye vipimo vile vile ujaribu kwa siku mbili kabla ya kuihukumu ruta. Volti lazima zilingane kabisa, ziwe 5, 9 au 12. Ampea za adapta zinaweza kuzidi zile za ruta, zisipungue. Angalia pia mchoro wa chanya na hasi ulioko karibu na tundu.

Umeme unapokatika, betri ndogo ya ruta ni ununuzi ambao wengi huufurahia kuliko ruta yenyewe. Fanya hesabu kabla ya kulipa. Betri iliyoandikwa 10,400 mAh hupimwa kwa volti 3.7 za seli zake, kwa hiyo ina takriban wati-saa 38. Ruta inayokula wati 8 itakaa saa nne hivi, ukitoa kinachopotea njiani. Muuzaji akikuahidi saa kumi na mbili, muulize kwa ruta ipi. Wenye faiba wakumbuke kijisanduku cha kampuni pia kinakula umeme. Kuna nyumba ambamo ruta inawaka taa zote usiku wa giza, waifai imejaa kwenye simu, na intaneti hakuna, kwa kuwa kijisanduku kimezimika. Nunua betri yenye milango miwili ya kutolea umeme, na ugawe zile saa nne kwa mbili.

Miaka mingapi ya masasisho?

Ruta ni kompyuta inayokesha mtandaoni bila mtu kuitazama, na wezi wanalijua hilo. Mei 2018 watafiti wa Cisco walitangaza programu hasidi waliyoiita VPNFilter, iliyokuwa imeingia kwenye vifaa visivyopungua 500,000, vingi vikiwa ruta za majumbani na ofisi ndogo, katika nchi zisizopungua 54. FBI iliwaomba watu wazime na kuwasha ruta zao. Mashimo kama hayo huzibwa kwa masasisho, na kampuni ikiacha kuyatoa, ruta inabaki na mashimo yake ingawa taa zinawaka vizuri.

Kwa hiyo swali la maana kuliko antena ni hili: mtengenezaji ataisasisha modeli hii mpaka lini? Muuzaji hatajua. Lakini Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili 2024, sheria inawataka watengenezaji wa vifaa vya mtandaoni watangaze muda wa chini wa masasisho ya usalama, na inapiga marufuku nywila moja iliyo rahisi kwa vifaa vyote. Ukiwa dukani, tafuta kwenye simu jina la modeli pamoja na tangazo lake la masasisho kwa soko la Uingereza. Modeli ikiuzwa kule, tarehe utaipata. Soma pia toleo lililoandikwa chini ya ruta, V1, V2 au V3, maana jina linaweza kuwa lile lile na vya ndani vikawa tofauti.

Ulinzi wa waifai uwe WPA2 kwa uchache, WPA3 ikiwezekana. Kile kitufe cha WPS, cha kuunganisha vifaa bila kuandika nywila, ingia kwenye mipangilio ukizime. Mwaka 2011 ilifichuliwa kwamba namba yake ya siri yenye tarakimu nane hukaguliwa kwa mafungu mawili, hivyo mwizi anahitaji kubahatisha mara 11,000 tu badala ya mamilioni.

Ikifika nyumbani, badilisha nywila ya kuingilia kwenye mipangilio, ambayo si ile ya waifai, kisha isasishe siku hiyo hiyo kabla watoto hawajaunganisha simu zao. Halafu chukua kalamu ya wino usiofutika, uandike juu ya adapta jina la ruta, volti zake na tarehe uliyonunua. Droo ya nyumbani kwako tayari ina adapta nne nyeusi zinazofanana, moja ya king'amuzi, na siku umeme ukikatika usiku utakuwa unapapasa gizani.