Nyumba za Kupangisha na Haki ya Maskini

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na aali zake na masahaba wake. Ama baad.

Katika darsa yetu ya baada ya sala ya Isha hapa Bondeni, mmoja wa ndugu zetu alituletea suala. Yeye ana nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, yenye ukumbi katikati na ua nyuma, aliyoirithi kwa babake. Pana jumuiya ya Waislamu itakayo kuikodi nyumba yote kwa miaka mitano, kisha iwaweke ndani wajane na mafakiri kwa kodi nyepesi. Akauliza: Je, jambo hili lafaa katika sheria? Nyumba ikiharibika, ni nani wa kuitengeneza? Na yeye akifa kabla ya miaka mitano kwisha, warithi wake wataweza kuwatoa watu wale? Twaona yapasa kuyajibu haya kwa maandishi, kwani wenye majumba ni wengi katika mji wetu, na wanaohangaika na kodi ni wengi zaidi.

Kwanza, asidhani mtu kwamba jambo hili ni la kigeni. Ni kweli kwamba Uingereza mabaraza ya miji hukodi nyumba za watu kwa muda maalumu ili kuwaweka wasio na makao. Lakini Sahihi ya Bukhari, katika mlango wa wakfu, yatueleza kwamba sahaba Zubeir bin Awwam alizitoa nyumba zake kuwa sadaka, akashurutisha kwamba binti yake atakayerudi kwa kuachwa na mumewe akae humo, asidhuru wala asidhuriwe. Na akiolewa tena akatosheka, haki yake ya kukaa yakoma. Na Abdallah bin Umar aliifanya sehemu yake katika nyumba ya babake kuwa makao ya wahitaji katika kizazi chake. Tazama basi: nyumba, mhitaji, sharti, na mwisho wa haki, yote yalikwisha kupangwa na masahaba.

Ama hukumu yake, huku ni kuajirisha, yaani ijara, ambayo ni kuuza manufaa ya kitu kwa malipo yanayojulikana na kwa muda unaojulikana. Katika Sura ya al-Qasas twasoma habari za Nabii Musa (a.s.) na yule mzee wa Madyan. Mapatano yao yalikuwa miaka minane, na kama Musa atatimiza kumi, basi hiyo ni hisani yake. Hapo pana mafunzo mawili: muda ulitajwa, na hisani haikuchanganywa na wajibu. Lakini sisi desturi yetu ni kusema tu, "kila mwezi shilingi kadha," bila ya mwisho. Maulama wa madhehebu yetu ya Shafi, katika kauli iliyo na nguvu, wameona kwamba mapatano ya namna hiyo si sahihi, kwa kuwa muda wake haujulikani. Na wako wa madhehebu nyingine walioyajuzisha. Basi miaka mitano iliyoandikwa ni bora kwa dini, na ni amani kwa mpangaji na mwenye nyumba.

Jumuiya ikisha kukabidhiwa ufunguo, yafaa kumpangisha mtu mwingine, kwa sababu imeyamiliki manufaa ya nyumba kwa muda ule. Sharti ni kwamba matumizi ya huyo wa pili yasizidi yale waliyopatana. Nyumba iliyokodiwa kwa kukaa haifai kumwekea mhunzi, wamesema maulama, kwani nyundo zake zitazitikisa kuta.

Suala la pili ni la matengenezo, na hapa twawaona wengi wakikosea. Katika kitabu cha Minhaj cha Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), twafundishwa kwamba kuitengeneza nyumba ni juu ya mwenyewe. Asipofanya haraka kuitengeneza, mpangaji ana hiari ya kuvunja mapatano. Wala haifai kumwambia mpangaji, "Kodi yako ni kuitengeneza," kwa kuwa gharama ya matengenezo haijulikani, na malipo yasiyojulikana huharibu ijara. Njia iliyo safi ni kutaja kodi kwa shilingi. Kisha baada ya mapatano, mwenye nyumba akitaka, ampe mpangaji ruhusa ya kutumia kodi ile katika bati na chokaa, na hesabu iandikwe.

Suala la tatu ndilo zito. Katika madhehebu yetu, ijara haivunjwi na kifo cha mmoja wa waliopatana. Warithi huirithi nyumba hali ya kuwa manufaa yake yamekwisha uzwa mpaka mwisho wa muda. Hata nyumba ikiuzwa kwa mtu mwingine, mauzo ni sahihi na ijara hubaki, na mnunuzi hungoja. Basi mjane aliyewekwa humo kwa mapatano ya miaka mitano hatolewi nje kwa sababu mwenye nyumba amekufa na watoto wake wamepata mteja. Na Mwenyezi Mungu ameamrisha, mwanzo wa Sura ya al-Maida, kwamba mapatano yatekelezwe.

Tena hapa Mombasa tuna jambo letu, nalo ni nyumba bila ardhi: kuta ni za huyu, na kiwanja ni cha yule anayelipwa kodi ya ardhi. Mwenye nyumba wa namna hii hawezi kuahidi miaka mitano juu ya kiwanja asichokuwa na hakika nacho hata mwaka mmoja. Jumuiya na iulize habari za ardhi kabla ya kutia mkono, wasije wakawajenga matumaini mafakiri kisha yakabomolewa pamoja na kuta.

Ama nyumba za wakfu, hukumu yake ni mbali. Mtu kwa mali yake mwenyewe aweza kupangisha kwa bei ndogo atakavyo, naye ana thawabu. Lakini msimamizi wa wakfu si mwenye mali. Haimjuzii kupangisha chini ya kodi ya mfano wake, ila ikiwa mwenye kuweka wakfu alishurutisha hivyo, kama vile kusema nyumba ikaliwe na mafakiri. Nchi yetu ilipata sheria ya Makamishna wa Wakfu mwaka 1951, na sheria mpya ya wakfu mwaka 2022. Lakini hakuna sheria inayoweza kumlinda mtu na hesabu ya Akhera. Je, mwenye uwezo anayekaa katika nyumba ya wakfu kwa kodi ya zama za babu, kisha akapangisha vyumba vyake kwa bei ya leo, anakula haki ya nani?

Ndugu zetu, Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, imetaja makao yafaayo kuwa haki ya kila mtu, na sheria ya mwaka 2024 imewakata wafanyakazi asilimia 1.5 ya mishahara kwa ujenzi wa nyumba za bei nafuu. Hayo ni kazi ya serikali, na kheri yake twaitaraji. Lakini mama aliyeambiwa ahame mwisho wa mwezi huu hawezi kungoja saruji ikauke.

Na twasema jambo ambalo huenda likawaudhi wengine. Mtu hufanya arobaini ya babake kwa pilau na mbuzi, mtaa mzima ukala, kisha mwezi unaofuata hupandisha kodi ya mjane aliye katika nyumba ya babake yule yule, na akitoka hudai kilemba kwa anayeingia. Lau fedha za karamu ile zingalilipa kodi ya yatima kwa mwaka, zingalikuwa na manufaa makubwa zaidi kwa huyo maiti. Wala asidhani kwamba kumsamehe maskini kodi aliyodaiwa kwamtosha kuwa zaka. Kauli iliyo sahihi katika madhehebu yetu ni kwamba haimtoshi. Kusamehe ni sadaka, na zaka hutolewa mkononi. Na mdaiwa mwenye dhiki, Qurani, katika Sura ya al-Baqara, imeamrisha apewe muda mpaka apate wasaa.

Jibu letu kwa ndugu yetu ni hili: jambo lafaa, nalo ni jema. Andika muda, andika kodi, chukua matengenezo juu yako, weka mashahidi, na waambie wanao leo, ungali hai, wapate kujua ulilolifunga. Na ukipenda miaka mitano iwe saba, hiyo ni hisani, kama ya Musa.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe makao mema hapa na huko. Amin.