MAUMIVU YA KIUNO: TUMTAZAME NA ANAYEMWINUA MGONJWA

Katika ukurasa huu twazoea kumzungumzia mgonjwa aliyelala kitandani. Safari hii tumgeukie muuguzi anayemwinua.

Njia za milima ya Vidunda ni za mwinuko mkali, na mgonjwa asiyejiweza hushushwa na wanaume kadhaa wakipokezana. Akishafika wodini, wabebaji huketi nje kupumzika. Kumhamisha, kumgeuza, kumwogesha na kumtandikia huwa kazi ya muuguzi mmoja, wakiwa wengi wawili. Mikumi wana la ziada: barabara kuu iendayo Iringa na Zambia inapita pale pale, na majeruhi wa ajali aliyevunjika mapaja hawezi kujisaidia hata kidogo.

Mtu mzima wa kilo 60 ni mzito kuliko mfuko wa saruji wa kilo 50. Tena mfuko haushtuki, wala haukung'ang'anii shingoni. Mwaka 2007 mtaalamu wa Marekani, Thomas Waters, alipendekeza muuguzi asiinue kwa mikono zaidi ya kilo 16 hivi za uzito wa mgonjwa. Wauguzi wetu hupita kiasi hicho kabla ya chai ya saa nne.

Kiunoni tuna pingili tano kubwa, na kati yake sahani za gegedu zilizo kama mito. Shika ndoo ya maji karibu na tumbo, kisha inyooshe mbele kwa mikono: maji ni yale yale, lakini mgongo unalia. Misuli hulazimika kuvuta kwa nguvu nyingi zaidi, na nguvu hiyo huzibana zile sahani. Kwa hiyo hata kufunga kidonda umeinama kwenye kitanda cha chini huumiza, ingawa hujainua kitu.

Aliyewahi kuumwa kiuno ndiye aliye rahisi kuumwa tena. Huongezeka ujauzito, unene, sigara, usingizi mchache, wasiwasi wa kazi, na zamu ndefu penye watumishi wachache. Muuguzi wa kike akitoka zamu ya usiku humngoja jembe na ndoo. Wapo wanaosema wauguzi wa siku hizi ni wavivu wa kuinama. Hao tungependa wamgeuze mgonjwa mmoja aliyepooza, kila baada ya saa mbili.

Chuoni hufundishwa kukunja magoti na kuusogeza mzigo karibu na mwili. Ni vizuri, lakini uchunguzi umeonyesha kuwa mafunzo hayo peke yake hayapunguzi sana maumivu. Afadhali kutoinua kabisa. Shuka iliyokunjwa mara mbili ipitishwe chini ya mgonjwa, watu wasimame pande zote mbili, wahesabu pamoja na kumtelezesha. Mwenye nguvu kidogo ajisukume mwenyewe. Na wale ndugu walioketi nje waitwe. Mtu aliyembeba mgonjwa kutoka mlimani hashindwi kushika pembe ya shuka.

Mwaka 2020 watu milioni 619 duniani waliumwa kiuno, na maumivu mengi hupungua baada ya wiki chache. Usilale kitandani siku nyingi, maana misuli hulegea. Tembea, fanya kazi nyepesi. Diklofenaki ya kununua dukani mwezi baada ya mwezi hudhuru tumbo na figo, na muuguzi analijua hilo kuliko sisi, ila humeza.

Miguu ikiishiwa nguvu, ganzi ikishika sehemu za siri, au mkojo na haja kubwa vikigoma au kutoka vyenyewe, nenda kwa daktari siku hiyo hiyo. Homa, kukonda na maumivu ya usiku huweza kuwa kifua kikuu cha mifupa, jambo ambalo anayehudumia wagonjwa wa kifua asilipuuze.

Kwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, mwajiri anawajibika kulinda afya ya mfanyakazi, na sheria ya mwaka 2008 iliweka Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Basi anayetegua kiuno akimwinua mgonjwa amwarifu mkuu wa wodi na tukio liandikwe siku ile ile, saa na kitanda vitajwe, kwa kuwa baada ya miezi sita ni vigumu kuonyesha kwamba maumivu yalianzia wodini na si shambani.