Kamba Wadogo na Samaki Katika Tangi Moja: Dhamana ni ya Nani?



Ndugu zangu wanaokuja kujisomea chumbani kwangu hapa Rebero wakiliona tangi la samaki huuliza maswali mawili. La kwanza: hawa kamba wadogo wekundu wanaishije na samaki bila kuliwa? La pili: wakiliwa, mwenye tangi ana dhambi? Nitayajibu pamoja, kwa sababu jibu la la pili limo ndani ya la kwanza.

Msingi wa somo

Kufuga kumeruhusiwa. Bukhari na Muslim wamepokea habari ya Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik, aliyekuwa na ndege mdogo wa kuchezea. Mtume (swalla Allaahu alayhi wa sallam) alimtania mtoto yule juu ya ndege wake, wala hakumkataza. Wanazuoni wakachukua humo ruhusa ya kufuga ndege, kwa sharti la kumtunza.

Lakini wamepokea pia habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie. Tazama kosa lilipo: ni katika kufungia bila kutunza. Ukishafunga mlango, chakula na usalama wa aliye ndani viko juu yako. Na kioo cha tangi ni mlango uliofungwa.

Ziwa linatufundisha nini

Ziwa Victoria lina kamba wake mdogo, *Caridina nilotica*, ambaye Waluo humwita ochong'a. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 watu walipandikiza sangara ziwani humo. Kufikia miaka ya 1980 samaki wadogo waitwao furu walikuwa wamepungua vibaya, na aina nyingi hazikuonekana tena. Kamba huyu hakutoweka, bali aliongezeka, ingawa sangara wachanga humla sana. Huzaana kwa wingi, na huvumilia maji yenye oksijeni kidogo. Huko Uganda, katika Ziwa Nabugabo, samaki wadogo walisalimika ndani ya mafunjo, mahali ambapo sangara hapawezi kwa uchache wa oksijeni.

Basi mdogo huishi na mkubwa akipata vitu viwili: pa kukimbilia, na nafasi ya kuzaana. Ziwani vipo. Ndani ya tangi ni wewe utakayeviweka.

Hatua tano

1. *Anza na mimea na subira.* Panda mimea, washa chujio, kisha subiri wiki 4 hadi 6 ukitia chembe chache za chakula cha samaki. Chakula hicho kikioza hutoa amonia, ambayo ni sumu, na bakteria wanaoigeuza huongezeka polepole. Chagua mimea iliyoshikamana kama sufu, kwa mfano *Taxiphyllum barbieri*. Mtoto wa kamba hupenya humo, samaki hapenyi.

2. *Tanguliza kamba.* Aina iliyo rahisi ni *Neocaridina davidi*, asili yake Asia ya Mashariki. Hukaa vizuri kwenye maji ya nyuzi 18 hadi 26, kwa hiyo baridi ya usiku ya mlimani kwetu haimsumbui sana. Jike hubeba mayai 20 hadi 30 chini ya mkia kwa wiki 3 au 4, na watoto hutoka wakiwa na umbo la wazazi, urefu wa milimita 2 hivi. Wape miezi miwili au mitatu wazaliane kabla hujaleta samaki.

3. *Pima mdomo.* Samaki wengi hula kinachoingia mdomoni. Tilapia na jamaa zake wote usiwachanganye na kamba. *Otocinclus*, mla mwani, ndiye aliye salama kuliko wengi. Gapi na tetra wadogo humwacha kamba mzima lakini humeza watoto, na hapo wingi wa mimea ndio utakaoamua. Walishe vizuri pia, maana samaki mwenye njaa huwinda.

4. *Heshimu siku ya kujivua gamba.* Ili akue, kamba huvua gamba lake, na kwa muda mwili wake huwa laini. Asipokuwa na maficho huliwa siku hiyo. Gamba tupu liache, atalila apate madini. Funika pia mdomo wa chujio kwa sponji ili watoto wasivutwe ndani.

5. *Ogopa sumu kuliko meno.* Dawa za samaki zenye shaba huua kamba. Maji ya bomba yaliyotiwa klorini yatibu kwanza. Na wakaazi wa hosteli, angalieni dawa ya kupuliza mbu: kamba na mdudu ni jamaa, na kinachomwua mmoja humwua mwingine. Tangi moja linaweza kumalizika kwa usiku mmoja.

Jibu la swali la pili

Samaki akimpata mtoto mmoja wa kamba kati ya mimea, amefuata maumbile aliyoumbiwa, na mwenye tangi ametimiza wajibu wake. Lakini anayetia kamba kumi kwenye tangi tupu lenye samaki wakubwa, kisha akakaa kutazama, huyo amewafunga na adui bila njia. Haya ni maoni ya mwanafunzi, si fatwa. Mwulizeni mwalimu wenu wa fiqhi.

Jambo la mwisho: ukichoka kufuga, usimwage viumbe hao bondeni. Maji ya Rebero hushuka Nyabarongo, yakaingia Akagera, yakaishia Ziwa Victoria. Sangara naye alipelekwa huko na mikono ya watu. Mpe mwenzako atakayewatunza.

Maswali ya halaka

- Kuna tofauti gani kati ya mnyama aliye huru na uliyemfungia, katika dhamana yako?
- Kati ya hatua tano, ni zipi zinazotangulia kununua samaki, na kwa nini?
- Nani mwingine, asiyekuwa mnyama, yuko nyuma ya mlango ulioufunga wewe?

Wallaahu a'lam.