Tundu la Milimita Sita: Fizikia ya Kamera Nyepesi ya Safari

Usiku wa kupanda kilele cha Kilimanjaro, wapagazi wengi hubaki kambini. Kila mpandaji hubeba mwenyewe maji yake, makoti yake na kamera yake, kutoka kibanda cha Kibo kwenye mita 4,720 hadi Uhuru kwenye mita 5,895. Kamera ya kilo mbili, iliyoonekana ya kawaida kule Marangu mwanzoni mwa safari, huachwa kibandani saa hiyo, na pamoja nayo huachwa picha za alfajiri ambazo mtu alizisafiria.

Basi anayetafuta kamera ndogo ana haki ya kuuliza: ikiwa simu janja nyembamba inapiga picha nzuri, uzito wa zile nyingine ni wa nini? Wauzaji hujibu kwa kutaja megapikseli. Jibu hilo halimsaidii msafiri, na tutaona kwa nini. Linalomsaidia linaanzia mbali zaidi, kwenye chumba chenye giza.

Chukua karatasi nyeupe uielekeze dirishani. Nje kuna mnazi, ukuta, watu wanaopita. Nuru ya vyote hivyo inaifikia karatasi, lakini karatasi inabaki nyeupe tupu. Sababu ni kwamba nuru ya kuti moja haiendi mahali pamoja. Inasambaa kila upande na kuiangukia karatasi nzima. Nuru ya ukuta nayo hivyo hivyo. Kila sehemu ya karatasi inapokea nuru ya kila kitu kilicho nje, na vyote vikichanganyika hakuna kinachotambulika. Nuru ipo ya kutosha. Kinachokosekana ni mpangilio.

Sasa ziba dirisha lote kwa ubao, kisha toboa tundu dogo katikati. Mwale unaotoka kileleni mwa mnazi na kupita tunduni hauna budi kuendelea kushuka, kwa hiyo unatua sehemu ya chini ya karatasi. Mwale wa shina unapanda na kutua juu. Kila sehemu ya karatasi sasa inapata nuru ya sehemu moja tu ya nje, na mnazi unajichora pale, kichwa chini miguu juu. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Cairo katika karne ya 11, aliandika risala nzima kuhusu jua lililopatwa: jinsi linavyojichora kama hilali likipitia tundu dogo, na jinsi hilali hiyo inavyopotea tundu likipanuliwa. Aligusa kiini chenyewe cha jambo, yaani upana wa tundu.

Tundu likiwa pana, kila nukta ya mnazi inachora duara badala ya nukta, maduara yanapandana, na picha inakuwa na ukungu. Likiwa jembamba, picha inakaza lakini nuru inayopita ni haba. Ukizidi kulibana linatokea jambo la tatu. Nuru ni mawimbi, na mawimbi yakipita mlango mwembamba sana hutawanyika upande wa pili, kwa hiyo ukungu unarudi. Tundu tupu, basi, halitupi picha kali yenye nuru nyingi, hata tulichonge vipi.

Hapo ndipo lenzi inapoingia. Kioo kilichobinuka katikati hupinda kila mwale kulingana na mahali unapokigusa, kiasi kwamba miale yote iliyotoka kwenye nukta moja ya mnazi, ikaingia katika upana wote wa kioo, hukutana tena kwenye nukta moja. Wengi hudhani kazi ya lenzi ni kukuza. Ndani ya kamera, kazi yake kubwa ni kuturuhusu kuwa na tundu pana bila kupoteza ukali wa picha. Uzito wa kioo tunaoubeba mgongoni ni gharama ya upana huo.

Upana unatupa nini? Hapa inabidi tuhesabu. Nuru hufika kwa chembe zinazoitwa fotoni, na kila moja hufika kwa bahati yake. Weka vikombe kumi vinavyofanana uani wakati wa rasharasha, uvitoe baada ya muda mfupi. Mvua ni ileile, lakini kimoja kitakuwa kimekinga matone 7, kingine 12, kingine 10. Weka masinia kumi kwa muda uleule, na kila moja litakinga matone mengi sana, huku tofauti kati yao ikiwa ndogo mno ukilinganisha na jumla. Kanuni yake ni rahisi: matokeo huyumba kwa kiasi cha kipeuo cha pili cha wastani. Sehemu ya picha inayotarajiwa kupata fotoni 100 itayumba kwa 10 hivi, yaani asilimia 10. Inayotarajiwa kupata 10,000 itayumba kwa 100, yaani asilimia 1 tu.

Zile chenga zinazoharibu picha za usiku, sehemu kubwa ni kuyumba huko. Ukuta wa rangi moja unaonekana na vidoa kwa sababu sehemu zake zimepata idadi tofauti za fotoni. Programu inaweza kuzilainisha chenga, lakini pamoja nazo hulainisha nywele za mtu na nyuzi za kanga yake, kwa kuwa haina njia ya kujua kipi kilikuwa bahati na kipi kilikuwa uzi. Fotoni ambayo haikuingia haitengenezwi baadaye.

Idadi ya fotoni inategemea mambo matatu: mwangaza wa mandhari, muda ambao kamera inakaa wazi, na eneo la tundu. Jua la adhuhuri hutoa mwangaza wa laksi 100,000 hivi. Sebule usiku, 100 au pungufu. Ni tofauti ya mara elfu. Ndiyo maana kamera zote zinafanana ufukweni Nungwi saa sita mchana, na ndiyo maana picha za mchana zinazoonyeshwa dukani hazikusaidii kuchagua. Omba kuona picha iliyopigwa ndani ya nyumba, jioni.

Muda tunaweza kuuongeza, lakini mkono unatetemeka na watu wanasogea. Kizuia mtikisiko hutuliza mkono. Hakimtulizi mtoto anayekimbia. Simu za sasa hufanya jambo la busara: hupiga picha nyingi fupi na kuzijumlisha. Picha tisa zikijumlishwa, chenga hupungua hadi theluthi moja. Kwa mlima uliotulia, mbinu hiyo ni nzuri kweli. Kwa ngoma usiku, picha hizo tisa hazilingani, na simu inalazimika kuzitupa nyingi.

Limebaki tundu, na upana wake unaweza kuukokotoa mwenyewe ukiwa dukani. Kwenye lenzi kumeandikwa urefu wa fokasi kwa milimita, yaani umbali ambao lenzi inahitaji ili kukusanya miale inayotoka mbali. Kuna pia namba ya f. Gawanya urefu kwa namba hiyo, utapata upana wa tundu. Hakikisha tu unachukua urefu halisi, maana matangazo hupenda kutaja ule wa kulinganishia na filamu ya zamani.

Tuchukue mifano. Ricoh GR III, kamera ya mwaka 2019 yenye gramu 257 pamoja na betri, ina lenzi moja isiyovuta: milimita 18.3, f/2.8. Tundu lake ni milimita 6.5. Sony RX100 VII ya mwaka huohuo, gramu 302, ina lenzi ya kuvuta kuanzia milimita 9 kwa f/2.8 hadi 72 kwa f/4.5. Mwanzoni tundu lake ni milimita 3.2, na ikivutwa hadi mwisho, 16. iPhone 14 Pro, kwenye kamera yake kuu, ina milimita 6.86 na f/1.78: tundu la karibu 3.9.

Tazama hesabu hiyo kwa makini, kwa sababu inapindua mambo ambayo wanunuzi wengi huyachukulia kuwa kweli. Kwa picha za mandhari pana, tundu la simu ni pana kuliko la kamera ile ya Sony. Anayebeba Sony ili apige mandhari tu anabeba gramu 302 kwa faida ndogo. Faida yake iko mwisho wa kuvuta. Tundu la lenzi ya mbali ya simu ileile ni milimita 3.2, na ikiombwa kufika mbali kama Sony hukata kipande cha picha na kukikuza. Milimita 16 dhidi ya 3.2 ni upana mara tano, eneo mara 25, na fotoni mara 25 kutoka kwa ndege yuleyule aliyetua tawini. Ricoh nayo, kwa mandhari pana, ina eneo la tundu karibu mara tatu ya la simu, lakini haivuti hata kidogo.

Na ukubwa wa kihisi, lile bamba la silikoni linalopokea picha? Cha Ricoh ni milimita 23.5 kwa 15.6, cha Sony, 13.2 kwa 8.8. Kihisi kikubwa huitaka lenzi ndefu zaidi ili kuona mandhari ileile, na kwa f ileile, lenzi ndefu ina tundu pana. Faida yake kubwa hupitia hapo.

Megapikseli sasa zinajieleza. Yale mawimbi yanayotawanyika kwenye mlango mwembamba hufanya hata lenzi isiyo na kasoro ichore kila nukta kama duara dogo. Kwa nuru ya kijani na f/2.8, duara hilo lina kipenyo cha mikromita 3.8. Kamera za bei nafuu zenye kihisi cha milimita 6 kwa 4.5 na megapikseli 20 zina pikseli za mikromita 1.2 hivi. Duara moja linafunika pikseli tatu kwa upana, na ukiibana lenzi hadi f/8 linafunika tisa. Ukiongeza pikseli hapo, unaongeza ukubwa wa faili.

Kwa nini basi tusitengeneze tundu pana jepesi? Kuza lenzi mara mbili kila upande: eneo linaongezeka mara nne, lakini ujazo, na hivyo uzito wa kioo, mara nane. Uzito hupanda haraka kuliko nuru. Oskar Barnack, fundi wa kampuni ya Ernst Leitz huko Wetzlar, Ujerumani, alikuwa na pumu, na kubeba kamera ya mabamba ya kioo milimani kulimchosha. Kufikia 1914 alikuwa ametengeneza kamera ndogo inayotumia filamu ya sinema, yenye picha ya milimita 24 kwa 36 ya kukuzwa baadaye. Iliingia sokoni mwaka 1925 kwa jina la Leica. Alikubali picha ndogo ili apate kamera ya kwenda nayo kila mahali, na kila kamera nyepesi leo inafanya mapatano yaleyale.

Kwa Kilimanjaro, mimi ningechagua ile isiyovuta. Mlima haukimbii, uko mbele yako na ni mpana, na saa nzuri ni zile za nuru haba kabla jua halijatoka.  Kwa Serengeti ningebadili uamuzi bila kusita, nikijua kwamba magharibi ikiingia hata zile milimita 16 za Sony hazitatosha: lenzi ya milimita 200 yenye f/2.8 ina tundu la zaidi ya milimita 70, na lenzi za kuvuta za namna hiyo kwa kawaida huwa na kilo moja au zaidi.

Mlimani kuna jambo jingine ambalo namba za lenzi hazilisemi. Ukiingiza kamera baridi kwenye chumba chenye mvuke wa chai, unyevu unageuka matone juu ya kioo, kama inavyotokea ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi kwenda nje Mji Mkongwe. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki kabla ya kuingia, na uiache humo hadi ipate joto. Betri za lithiamu nazo hudhoofika kwenye baridi kali, kwa kuwa ayoni zake husafiri polepole ndani ya kimiminika chake. Ricoh, ambayo hata penye joto hupiga picha 200 hivi kwa chaji moja, inahitaji betri ya pili iwe kwenye mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili. Ile iliyozimika kwenye baridi usiihesabu kuwa imekwisha: iweke mfukoni mahali pa nyingine, na ikipata joto kwa kawaida itarudisha sehemu ya chaji iliyokuwa bado imo.