Mkiachana kabla ya safari, nafasi chomboni ni za nani?

Nyinyi viongozi wa kambi na nyinyi wazazi mnaongojea siku ya kurudi nyumbani, somo letu la leo linahusu ugomvi ambao mabaraza mengi huuona kuwa ni mdogo, tena wa aibu, wa ndani ya nyumba. Mume na mke wamelipia safari pamoja. Kabla ya siku ya kuondoka wanaachana. Tiketi zao zifanyiwe nini?

Tuchukue mfano. Tumeutunga kwa ajili ya somo, lakini viongozi wengi watautambua. Familia ya watu sita ilikimbia Fizi na kupata makimbilio pembeni ya mji wa Kalemie. Baba alifyatua matofali, mama aliuza dagaa sokoni. Baada ya mwaka mmoja walipata pesa za nafasi tano katika boti la kwenda Baraka; mtoto anayenyonya hakulipiwa. Karatasi iliandikwa jina la baba, na namba ya simu ni yake. Wiki mbili kabla ya safari, baba anahamia kwa mwanamke mwingine. Anasema: «Jina ni langu, nafasi zote nitaziuza.» Mama anasema: «Pesa nyingi zilitoka kwenye dagaa yangu, na yeye asikanyage boti hilo.» Siku ya tatu wadogo wa mama wanafika na fimbo. Siku ya nne kaka za baba nao wanafika. Kama familia hizi mbili ni za makabila mawili, ninyi wenyewe mnajua maneno yatakayosemwa jioni hiyo kambini.

Kosa la kwanza la wapatanishi wengi ni kuanza kwa kuuliza nani amevunja nyumba. Swali hilo lina haki yake, lakini lina kikao chake. Kesi ya ndoa inaweza kungoja wazee, mahari na wakwe, boti halingoji. Basi fanyeni vikao viwili, na cha safari kitangulie. Mtu akianza kuleta habari za mwanamke mwingine katika kikao cha safari, mwambieni kwa heshima kwamba yataandikwa na yatasikilizwa siku nyingine.

Kosa la pili ni kuamini kwamba mwenye jina kwenye karatasi ndiye mwenye safari. Wazee wa Fizi na Uvira watakumbuka mwaka 2005, wakimbizi walipoanza kurudishwa kutoka kambi za Kigoma, na meli ya MV Mwongozo ikawavusha ziwa Tanganyika hadi Baraka. Jina la baba lilikuwa linaandikwa juu kwa sababu karatasi ina mstari wa juu, si kwa sababu wengine walikuwa mizigo yake. Tena sheria ya familia ya Kongo ilirekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Zamani mke alihitaji ruhusa ya mume ili afunge mkataba. Sheria iliyorekebishwa inawataka wanandoa wapatane. Kiongozi anayesema «mwanamke hana neno kwenye tiketi» anasema sheria iliyokwisha kufutwa.

Kisha hesabuni. Kila mmoja aseme mbele ya mashahidi alitoa kiasi gani na pesa ilitoka wapi. Mara nyingi hesabu haitatimia, kwa maana matofali yalilisha watoto wakati dagaa ikiwekwa akiba, au kinyume chake. Baba wa mfano wetu si mwizi. Naye alifanya kazi, naye ana nafasi yake moja. Hapo msitafute senti ya mwisho. Lakini kuna jambo moja ambalo sisi tunaona halina mashauriano: nafasi za watoto hazigawanywi. Zililipiwa kwa ajili yao, na ni zao. Anayebaki na watoto ndiye anayesafiri nao, na mtoto anayenyonya hatenganishwi na mama yake. Sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inataka faida ya mtoto itangulie, na hapa faida yake inaonekana wazi.

Kabla ya kikao, mpatanishi mmoja afike kwa mwenye boti au karani wake. Aulize kama majina yanaweza kubadilishwa, kama nafasi inaweza kusogezwa hadi safari nyingine, na kama pesa hurudishwa, kwa kiasi gani. Tumeona mabaraza yakigawa pesa ambazo karani alikuwa amekwisha kukataa kuzirudisha. Siku ya pili ugomvi ulikuwa mkubwa kuliko wa kwanza. Kumbukeni pia kwamba pesa iliyolipwa kwa simu kwa kawaida hurudi kwenye simu ileile. Kwa hiyo andikeni: pesa ikiingia, mwenye simu atampa mwenzake kiasi fulani, kabla ya siku fulani, mbele ya fulani.

Wengine hutaka kumaliza mambo kimyakimya: mume anauza nafasi ya mke kwa jirani, na jirani anapanda kwa jina la mke. Msikubali. Tarehe 3 Oktoba 2024, kwenye ziwa Kivu, boti lililotoka Minova lilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma. Kwa ajali kama hiyo, jina lisilo la kweli linamfanya mama mmoja amlilie mtu aliye hai, na familia nyingine isijue pa kumtafuta mtu wao. Jina libadilishwe mbele ya karani, au nafasi isiuzwe.

Kama kulikuwa na kipigo au vitisho, msiwakalishe pamoja. Msikilizeni kila mmoja peke yake, na wasipande boti moja. Wala msimbembeleze mwanamke arudi kwa mume ili tiketi zisipotee. Tiketi hununuliwa tena.

Vyombo, magodoro na mbegu vitagawanywa baadaye, ila karatasi zitolewe siku hiyohiyo: kadi ya mpiga kura, hati za kuzaliwa za watoto, vyeti vya shule. Asiwepo anayezishika kama rehani.

Katika mfano wetu, mama alipata nafasi nne, yake na za watoto watatu wakubwa, na karatasi ikaandikwa upya kwa jina lake. Nafasi ya baba ilisogezwa hadi boti lililofuata. Kesi ya ndoa ilipangwa kusikilizwa Baraka, mbele ya wazee wa pande zote mbili.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi: Je, kama baba ndiye aliyebaki na watoto wakubwa, na mama na yule mchanga tu, mngegawa vipi? Kama mama hataki tena kurudi Fizi, pesa ya nafasi yake iende wapi? Na wale wadogo wa mama waliofika na fimbo, nani katika kambi yenu angekwenda kuzungumza nao usiku ule?